Linah Chelimo na Mtihani wa Kubishana

Linah Chelimo alizaliwa katika shamba moja nje ya Molo. Nyumbani walizungumza Kikalenjin. Shuleni alifundishwa Kiswahili na Kiingereza kwa kiboko, njia ambayo sijaisikia ikitajwa katika nadharia yoyote ingawa ilitumika nchi nzima. Alipoolewa na Kiprugut alikuta majirani wa upande wa chini ni Wakikuyu wanaouza viazi. Akaanza kuuza viazi pamoja nao, na baada ya miaka miwili alikuwa anaongea Kikuyu bila kujua alikianza siku gani. Wanunuzi waliotoka Kisii walimwachia maneno kama arobaini hivi, mengi yao si ya kanisani.

Alipofika chuo chetu hapa Kiamunyi akiwa na miaka thelathini na tisa, akitaka kujifunza Kijerumani, Mwalimu Muturi alimuuliza, "Umewahi kujifunza lugha ngeni ukiwa mtu mzima?"

"Hapana, mwalimu," akajibu.

Mwalimu akaandika kwenye fomu: Hana uzoefu.

Mimi hapo chuoni kazi yangu ni kufungua madarasa, kufagia na kupika chai ya saa nne. Ninayoandika hapa nimeyaona, au nimeyasikia kwa wenyewe wakiwa na vikombe mkononi.

Kilichomleta Linah ni mama mkwe wake. Mama huyo alipooza upande mmoja, na Linah akamtunza miaka minne. Alijifunza kumgeuza kitandani bila kumuumiza, kumlisha bila kumharakisha, na kumsikiliza akirudia hadithi moja kila asubuhi kana kwamba ni habari mpya. Mama alipofariki, Linah akasomea kazi hiyo hiyo hapa Nakuru akapata cheti, kisha akapata barua kutoka nyumba moja ya wazee huko Ujerumani. Nafasi ingemngoja mpaka mwisho wa Agosti, baada ya hapo apewe mwingine. Walitaka kitu kimoja tu, cheti cha Kijerumani cha daraja la B1. Cheti hicho kina sehemu nne: kusoma, kusikiliza, kuandika na kuzungumza. Ukikosa moja huendi popote.

Mwalimu Muturi ndiye mwenye chuo na ndiye mwalimu. Kijerumani chake ni kizuri, hilo nakubali bila kuulizwa. Shida ni kwamba alikwenda Nairobi kwa semina ya siku mbili kuhusu namna watu wanavyojifunza lugha ya pili, akarudi na faili la kijani lenye nadharia saba. Mtu mwingine angechagua moja. Yeye aliona kila nadharia ipewe wiki yake, kama zamu ya kuosha vyombo.

Wiki ya kwanza ilikuwa ya mazoea. Lugha ni tabia, alisema, na tabia hujengwa kwa kurudia. Darasa likasema "Hii ni meza" kwa Kijerumani mara sitini, halafu "Hiki ni kiti" mara sitini. Kanisa la mabati lililopakana nasi lilimtuma mzee mmoja kuuliza, kwa upole kabisa, sisi ni dhehebu gani.

Wiki ya pili kurudia kukawa dhambi. Lugha haifundishwi, inaingia yenyewe, mradi unachosikia kiwe kimepita kidogo tu kile unachokijua, na mtu asilazimishwe kufungua mdomo mpaka awe tayari. Wanafunzi wakakaa kimya siku tano wakimsikiliza Mwalimu akieleza picha za shamba la Wajerumani. Jumatano nilipoingia na chai nilinyata, nikidhani wamepata habari ya msiba.

Wiki ya tatu ilikuwa ya chujio. Ndani ya kichwa cha mwanafunzi mna chujio kama hili langu la chai. Akiogopa, matundu yanaziba, maneno yanabaki nje. Dawa yake ni starehe. Mwalimu akaleta mito ya makochi kutoka nyumbani kwake, akafungulia muziki wa polepole. Linah, ambaye kila siku alikamua ng'ombe kabla ya kushuka kutoka Molo, alilalia mto wake mpaka saa nne. Mwalimu akaandika kwenye faili kwamba chujio lake limefunguka kabisa.

Wiki ya nne tuliambiwa adui ni lugha ya kwanza. Inaingilia ya pili, inaipotosha. Kikarudi kile kibao tulichovalishwa utotoni tukiongea lugha ya mama shuleni, kipande cha katoni chenye kamba. Ukisema neno lisilo la Kijerumani unakivaa shingoni hadi umnase mwingine. Watu wenye wajukuu walikivaa. Mimi nilisema "karibuni chai" nikakivaa mpaka saa saba, maana baada ya kugawa chai nilikuwa peke yangu jikoni na sikuwa na mtu wa kumpa.

Wiki ya tano ilikuwa ya umri. "Baada ya miaka kumi na miwili hivi," Mwalimu alisema, "mlango wa lugha kwenye ubongo huanza kufungwa." Alisema hivyo akiwatazama Linah na Mzee Nderitu waliokaa mbele. Mzee Nderitu alistaafu kutoka maabara ya hospitali na ana miaka sitini na mitatu. Binti yake ameolewa huko Ujerumani, na wajukuu wake hawajui lugha nyingine ila Kijerumani. Hakuhitaji cheti chochote ili kuongea na wajukuu, lakini ni mtu anayependa vyeti.

"Mwalimu," akauliza, "kama mlango umefungwa, hizi lugha tatu nilizookota ukubwani niliingizia wapi? Dirishani?"

"Mzee, huo ni utafiti."

"Sawa. Nilitaka tu kujua kama ninafaa kubisha hodi."

Mwezi wa Machi wakaenda Nairobi kufanya mtihani. Majibu yalipokuja, Linah alikuwa amepita kusoma, kusikiliza na kuandika. Kuzungumza alipata thelathini na nane kwa mia. Chini yake waliandika: Hatoi maoni yake. Hapingi. Hapendekezi.

Mzee Nderitu alipata tisini na moja.

Mwalimu alimwita Linah ofisini. Mlango ulikuwa wazi na mimi nilikuwa napangusa korido, kazi ambayo siku hiyo ilichukua muda.

"Madam Linah, mtihani haudanganyi," Mwalimu alisema. "Mtihani mzuri una sifa mbili. Ya kwanza, unapima kile kilichokusudiwa kupimwa na si kitu kingine. Ya pili, ukipimwa leo na ukipimwa kesho jibu ni lile lile. Kama mizani."

Linah alifikiri kidogo. "Mwalimu, kule Molo broka wa viazi anaweza kupima gunia likiwa bado mgongoni mwa mbebaji. Hapo mizani haidanganyi. Lakini kilo hizo ni za nani?"

"Hilo swali liko nje ya silabasi," akajibu Mwalimu, akafungua faili la kijani.

Kuanzia siku hiyo Linah alitibiwa. Kwanza aliambiwa Kijerumani chake kimeganda, kwamba kuna watu hufika mahali makosa yao yakashika kama mafuta ya ng'ombe kwenye sufuria baridi, na hayatoki tena bila moto. Moto wenyewe ulikuwa ni kusahihishwa kila neno mbele ya darasa. Hilo likamfanya anyamaze zaidi, kwa hiyo ikaonekana ni chujio, mito ikarudi. Mito iliposhindwa, ikaonekana hana hamu ya kutosha, akaambiwa abandike picha ya Ujerumani juu ya jiko. Kiprugut, mume wake, aliitazama picha ile ya mlima wenye theluji akauliza, "Huko unakoenda ndiko kuna baridi kuliko hapa? Kwani Molo imekukosea nini?"

Alitibiwa wiki sita. Aprili ikapita, Mei ikafika katikati. Linah alianza kuja na barua ya wale Wajerumani ndani ya Biblia yake, akiitoa wakati wa chai na kuhesabu wiki zilizobaki kwa vidole. Katika muda huo wote hakuna aliyemuuliza kilitokea nini mle chumbani. Mimi nilitaka kumuuliza, ila si kawaida yangu kuanza mazungumzo.

Aliyeuliza ni Mzee Nderitu. Alikuja siku moja na mkate na majani ya chai, kushukuru. Akamkuta Linah jikoni kwangu, akamwita kwa jina la mtoto wake.

"Mama Jepleting, ulipotelea wapi? Nilisikia hukupita nikasema wamekosea majina. Wewe ndiye ulinibeba siku ile!"

"Nilikubeba aje, mzee?"

"Si ulikubali kila kitu!" Akanigeukia mimi. "Ngoja nikuambie. Tulipewa kazi mimi na yeye. Kuna mwenzetu wa kazini anaitwa Thomas, amelazwa hospitali, tupange pamoja tutakavyomtembelea. Nikasema twende Jumanne. Mama akasema vizuri sana. Nikasema twende kwa baiskeli. Vizuri sana. Nikataka kusema tumpelekee maji ya matunda, neno likanipotea kabisa, nikaona afadhali niseme pombe. Mama akasema vizuri sana!"

"Wewe mama wa kanisa," nikasema. Ilinitoka tu.

Linah alikuwa anacheka huku amejifunika mdomo na leso. "Nilijua amekosea. Nilijua hata neno alilotafuta."

"Na yule mama mtahini," Mzee akaendelea, "anamwangalia kama mtu anayesubiri mvua. Mwishowe akamuuliza, Linah, na wewe wafikiri nini? Akasema, nafikiri vile mzee anafikiri."

"Sasa ningesemaje?" Linah akasema. "Mzee, wewe ni rika la baba mkwe wangu. Nikusahihishe mbele ya wageni? Niseme hapana, Jumanne yako ni mbaya, baiskeli yako ni mbaya?"

"Lakini mami, ulikuwa ni mtihani."

"Najua ulikuwa mtihani. Hata mwalimu alituambia tubishane. Lakini Thomas hayupo, mzee. Hakuna Thomas. Nimkosee mtu mzima aliyepo kwa ajili ya mgonjwa asiyekuwepo?"

Mzee Nderitu aliweka kikombe chini.  Katika faili lote la kijani sikuwa nimesikia kitu kilichoelezwa waziwazi namna hiyo.

"Na mabroka wa viazi?" Mzee akauliza. "Wale wazee wa kwetu unaowapigia kelele kwa Kikuyu hadi tunakusikia barabarani?"

"Pale kuna viazi."

Mzee Nderitu akaamua yeye mwenyewe atamfundisha kupinga. Alikuja kila Alhamisi, akakaa kwenye benchi nje ya jikoni, na kwa Kijerumani akamwambia mambo ya kipuuzi ili amkatalie. Twende tukaogelee usiku. Tumpikie mgonjwa mawe. Linah alikuwa akifungua mdomo, anavuta pumzi, halafu anasema, "Labda… kama mzee ameona inafaa." Alhamisi ya tatu Mzee akachoka. Akajilaza kwenye benchi, akajifunika koti.

"Mimi sasa ni Mjerumani wa miaka themanini na tano," akasema. "Sitaki dawa. Sitaki kuoga. Niache."

Linah akasimama. Akaenda upande wa bega la mzee, akainama, na Kijerumani kikaanza kutoka. Kilitoka polepole, kwa upole, lakini hakikukoma. Sikuelewa maneno yote. Nilielewa sauti, maana ndiyo ile aliyoiigiza kila aliponisimulia hapo jikoni alivyomlisha mama mkwe wake. Alimkubalia mzee kwamba dawa ni chungu, akamkubalia kwamba maji ni baridi, kisha akampeleka kidogo kidogo mpaka mzee akajikuta ameketi na kikombe mkononi, anakunywa.

Mwalimu Muturi alikuwa amesimama mlangoni. Alisikiliza mpaka mwisho, akaenda ofisini, akarudi na faili. "Hiyo ni nadharia ya saba," alisema. "Kujifunza kwa kupewa kazi ya kutenda. Nilikuwa naiweka kwa Juni."

Mtihani wa pili ulikuwa mwanzoni mwa Julai. Wanaotoka chuo kimoja huingia wawili wawili kwa kufuata orodha ya chuo, na kwenye orodha yetu aliyemfuata Linah alikuwa Kipchirchir.

Kipchirchir ana miaka ishirini na moja, mtoto wa kule kule Molo, na ndiye aliyekuwa anaongoza darasa. Vitenzi vya Kijerumani anavigeuza kama chapati. Barua nyingi za Linah za mazoezi ni yeye aliyezisahihisha. Anataka kwenda kusomea ufundi wa mitambo.

Kazi waliyopewa ilikuwa kupanga karamu ya kumuaga mwalimu. Yaliyofuata niliyasikia kwa wote wawili, na hawakupingana popote, jambo ambalo ndilo tatizo lenyewe.

Kipchirchir akapendekeza Jumamosi. Linah akasema Jumamosi watu wako kwenye mazishi. Mtahini mmoja akamtazama mwenzake. Kipchirchir akapendekeza muziki. Linah akasema jirani ana mtoto mchanga. Kipchirchir akapendekeza keki. Linah akauliza kama amempima huyo mwalimu sukari, kisha akamuuliza vyombo vitaoshwa na nani, viti vitarudishwa na nani, na yeye Kipchirchir atafika saa ngapi, si ya kusema, ya kufika kweli. Yote kwa Kijerumani safi. Akapendekeza Ijumaa saa nane, chai, mandazi, na maneno machache ya shukrani. Kipchirchir akasema vizuri sana. Mtahini akamuuliza, "Na wewe, kijana, una maoni gani?" Kipchirchir akatazama meza.

Majibu yalikuja wiki ya mwisho ya Julai. Linah, themanini na nane. Kipchirchir, arobaini na moja. Chini ya jina lake: Hatoi maoni yake. Hapingi. Hapendekezi.

Jumatatu kulikuwa na bango langoni lenye picha ya Linah na maneno makubwa: NADHARIA SABA, MATOKEO MAMOJA. Nililifunga mimi mwenyewe kwa waya.

Linah hakusimama kulitazama. Alikwenda moja kwa moja ofisini na cheti chake mkononi.

"Mwalimu, huyu kijana anajua Kijerumani kuliko mimi."

"Mtihani haudanganyi, Madam Linah."

"Ule wa Machi ulisema sijui. Huu unasema najua. Kijerumani ni kile kile, hata nguo nilivaa zile zile. Aliyebadilika ni mtu wa kiti cha pili."

"Kipchirchir ana tatizo la chujio," Mwalimu akasema. "Tumeshaagiza mito mipya."

Linah akaja jikoni amekasirika. Kipchirchir alikuwa hapo, amekaa juu ya debe, anazungusha kikombe.

"Kipchirchir, kwa nini hukunijibu?"

"Mathe, ningekujibu nini?"

"Chochote! Ungesema Jumamosi ni poa, mazishi tutaenda asubuhi."

"Ulinikatia jicho, mathe. Ile jicho ya buda akirudi nyumbani apate ng'ombe ziko kwa mahindi. Nilisahau hata jina ya keki."

"Mimi nilikuwa nafanya mtihani!"

"Hata mimi nilikuwa nafanya, mathe. Lakini wewe unakaa mbele kanisani na mathe wangu. Nikuambie hapana, halafu Jumapili nikuangalie aje?"

Linah akaweka cheti mezani. Akavuta kiti akakaa. "Kwa hiyo nimekula nafasi yako."

"Hujakula, mathe. Ulinishinda tu."

"Basi nipinge sasa. Hapa hapa. Sema karamu ni Jumamosi."

Kipchirchir akajikaza. "Karamu…" Akatazama chini. "Mathe, kwani Ijumaa ilikuwa na ubaya gani? Ilikuwa poa."

Walijaribu mwezi mzima wa Agosti, kila Linah alipofika mjini kushughulikia pasi na viza. Alimwekea viazi mezani ili wabishanie bei, akaigiza yeye ni mgonjwa, akaigiza ni kondakta, akaigiza ni askari wa barabarani. Alipoigiza askari, Kipchirchir alimpa leseni. Wiki ya mwisho Linah aliandika barua kwa wenye mtihani akiomba kijana apangwe na mtu wa rika lake. Wakajibu kwa heshima kwamba kila mtahiniwa hupimwa kwa namna moja, bila upendeleo, na mpangilio wa wawili wawili hauathiri matokeo.

Linah aliondoka tarehe ishirini na saba, siku nne kabla nafasi yake haijapewa mwingine. Ametuma ujumbe mmoja tangu afike. Anasema wazee wa huko hubishana kutwa nzima, na yeye wanampenda kwa sababu habishani nao.

Kipchirchir amejiandikisha tena kwa Novemba. Kila akija kunywa chai ananiuliza orodha ya chuo imetoka, na aliyemfuata ni nani. Mwalimu alinipa orodha hiyo juzi niibandike ukutani. Nimeisoma. Anayemfuata Kipchirchir ni mama mmoja kutoka Mai Mahiu, miaka hamsini na minne, mhubiri.

Bado sijaibandika.